Bango la Bi Earline Gaddis

Kwa miaka kumi na mmoja Bi Earline Gaddis aliajiriwa kuwatoa watu kwenye jua na kuwapeleka kwenye barafu. Mlangoni kwake, katika idara ya utumishi ya wilaya ya shule za Kellner Falls, Wisconsin, palibandikwa cheo kirefu kuliko ofisi yenyewe: Mratibu wa Kutafuta na Kuajiri Walimu na Viongozi wa Rangi. Wa rangi, ndivyo makaratasi ya wilaya yalivyowaita watu weusi na wenzao, kana kwamba wale wengine walichongwa kwa maji. Darasani karibu nusu ya watoto walikuwa wa hiyo rangi, maana kiwanda cha nyama kilivuta wazazi wao kutoka kila upande. Walimu walikuwa mia nne na ushee. Wa rangi walikuwa kumi na watatu, na ili wafike kumi na watatu ilibidi ahesabiwe Bi Earline mwenyewe, aliyeacha chaki zamani, pamoja na mama mmoja wa jikoni aliyewahi kusimamia chumba cha adhabu kwa wiki mbili.

Kila Aprili alipakia kalamu, pipi na bango la kukunja, akashuka kwenye vyuo vya watu weusi kule Alabama na Mississippi. Huko, ndani ya ukumbi wa mpira wa kikapu, wilaya sitini zilipanga meza na kugombea vijana wanaomaliza ualimu. Wenzake walimwaga habari za bima na likizo. Bi Earline aliuliza swali moja tu: mama yako anasemaje kuhusu wewe kwenda mbali? Kijana akijikanyaga, aliombwa simu, mama akapigiwa papo hapo, na Bi Earline akaanza kuongea naye kwa lafudhi ya Arkansas aliyoitunza kwa kazi hiyo, kama watu wanavyotunza sahani za wageni. Maongezi yaliishia palepale siku zote. "Mwanao ni mwanangu, mama. Nitamwangalia."

Na alimwangalia kweli. Kila Oktoba alizunguka maduka ya mitumba akinunua makoti mazito, maana alijua vijana wa kusini huja na kile wanachokiita koti, yaani shati lenye zipu. Kabati la korido nyumbani kwake lilibeba makoti ishirini na matatu. Anayefika alipewa moja, la saizi yake, likiwa na glavu mfukoni. Anayeondoka alilirudisha. Jumamosi moja kila wiki mbili aliwajaza vijana wa kiume kwenye gari lake akawapeleka kwa kinyozi wa Milwaukee, mwendo wa saa moja na nusu, kwa sababu kinyozi wa Kellner Falls alipoona nywele zao alishika mashine kama mtu aliyeambiwa akate waya wa bomu.

Tatizo halikuwa kuwaleta. Tatizo lilikuwa Mei. Kila bajeti ilipobanwa, wilaya ilipunguza walimu kwa kufuata tarehe ya kuajiriwa, na aliyeingia mwisho alitoka kwanza. Walioingia mwisho walikuwa nani? Hao hao wa Bi Earline. Aliyenusurika panga alichoshwa na mambo mengine. Alikuwa akiitwa kama zimamoto kila mtoto mweusi alipoguna kwenye darasa la mtu mwingine, au akiombwa akae kwenye kila kamati ili kamati ipigwe picha. Basi kengele ya nyumbani kwa Bi Earline ililia, akafungua, akakuta kijana na koti mkononi. Hawakuhitaji kuelezana.

Bango ndilo lililomtesa. Lilikuwa na nyuso tano za walimu weusi waliotabasamu chini ya maneno NJOO UKUE NASI. Wanne walikuwa wameshakwenda kukua na watu wengine. Lakini bango lilisafiri kila mwaka, na Bi Earline akasimama kando yake kama mjane kando ya picha za ukutani, akimwomba Mungu asitokee mtu wa kuuliza.

Aliyebaki alikuwa Lamont Mabry.

Lamont alitoka mji mdogo wa Mississippi, na Bi Earline ndiye aliyempigia mama yake simu. Alifundisha historia miaka mitatu, kisha akapandishwa kuwa makamu mkuu wa Shule ya Kati ya Birch Hollow, kazi ambayo kwa lugha nyepesi ni kusimama: asubuhi kwenye mabasi, mchana kantini, alasiri kwenye mabasi tena. Alisimama hivyo miaka mitano. Nywele alijifunza kujinyoa mwenyewe kwa vioo viwili. Mkuu wake alikuwa mzee aliyekuwa akifunga mlango baada ya saa nne asubuhi na kufanya mafumbo ya gazeti, kwa hiyo shule iliendeshwa na Lamont, na karani wa mapokezi alipopokea simu ya mzazi mwenye hasira hakuuliza mara mbili amwite nani.

Wilaya ilikuwa na kanuni yake nzuri, waliyoitangaza hata kwenye tovuti. Nafasi ya ukuu wa shule ikitangazwa, majina matatu ya mwisho hayaendi kwenye bodi mpaka angalau moja liwe la mtu wa rangi, na Bi Earline aweke sahihi kuthibitisha. Kanuni haikusema lolote kuhusu nani apewe. Ilisema nani aketi akisubiri. Watu mtaani wangemwita mtu huyo msindikizaji. Lamont alikuwa amesindikiza mara mbili katika shule nyingine, mara zote akakosa na kuandikiwa barua yenye neno "karibu" mara tatu.

Mzee wa Birch Hollow alipostaafu, Lamont alimwambia Bi Earline kwamba haombi tena. Amechoka kuvaa suti ili kuwapendezesha wengine harusini kwao. Bi Earline alimbembeleza wiki nzima. Hii ni shule yako, alimwambia, watoto wanakujua, wazazi wanakujua, hata boila inakujua. Mwishowe Lamont akakubali kwa sharti. Ataomba, lakini wakimnyima, Juni anaondoka, na asije mtu kumpigia mama yake simu.

Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi. Lamont akipewa kiti, anabaki, na Bi Earline anakuwa na mtu mmoja, mmoja tu, ambaye kwa mama yake ahadi ya Bi Earline haikuwa maneno ya kuuzia. Akinyimwa, kabati linajaa.

Bi Earline alikwenda kwa mkurugenzi wa elimu wa wilaya, Dakta Lindquist, mtu mrefu mwenye sauti ya kutuliza farasi. Dakta Lindquist alimwambia mlango uko wazi kabisa. Alimwambia hivyo akiwa amemshika bega. Bi Earline alitoka pale akijisikia mwepesi, na alipomhadithia Lamont alilisahau lile bega.

Usaili ulipangwa Alhamisi. Jumanne asubuhi, kwenye dawati lake, akakuta mrija mrefu wa katoni. Lilikuwa bango jipya. Kwa miaka mitatu alikuwa akiliomba, akisema lile la zamani linamtia aibu, na hatimaye ofisi ya habari ilimsikia. Akalivuta juu kutoka kwenye ganda lake la chuma. Halikuwa na nyuso tano tena. Lilikuwa na uso mmoja, Lamont, mrefu kuliko mlango, meno yote nje, na chini yake mwaka wa masomo unaokuja na maandishi haya: Lamont Mabry, Makamu Mkuu wa Shule.

Bi Earline alisoma mara mbili. Kisha akampigia Kelsey, binti wa ofisi ya habari, akamwambia kwa upole kwamba wameharakisha, maana mwaka unaokuja cheo huenda kikawa kingine.

"Mimi pia niliwaza hivyo, Bi Earline," Kelsey alisema. "Nikamuuliza Dakta nisubiri usaili kwanza? Akasema hapana, cheo kiko sawa, chapisha."

Kelsey hakuwa na ubaya. Alikuwa na miaka ishirini na minne na aliamini kwamba wakubwa wanaposema kitu wanajua jambo zuri ambalo yeye halijui. Bi Earline alimshukuru, akalirudisha bango kwenye ganda lake na ganda kwenye mrija, akausimamisha pembeni nyuma ya mlango, na akaketi. Angeweza kwenda kwa Dakta Lindquist. Angeweza kuifuta sahihi yake, majina matatu yasifike kwenye bodi, na kanuni ikawakaba wenyewe kooni. Angeweza kumpigia Lamont. Hakufanya hata moja. Alijiambia huenda kosa ni la mchapaji. Alijiambia Dakta anaweza kubadili mawazo akimsikia Lamont akijibu maswali. Alijiambia mengi siku ile, naye hakuwa mjinga, alikuwa mwalimu wa hesabu.

Jumatano jioni Lamont alikuja kwake kufanya mazoezi ya usaili, kama walivyokubaliana. Bi Earline alikaanga kuku, akachemsha majani ya kola, mboga iliyo ndugu wa sukuma wiki, na kipande cha mguu wa nguruwe, akaoka mkate wa mahindi. Lamont alikula mapaja matatu. Kisha akasimama katikati ya sebule na tai yake, akajibu maswali yote kumi na moja, na akajibu vizuri mno hivi kwamba Bi Earline alilazimika kwenda jikoni kupasha mkate ambao bado ulikuwa wa moto.

Aliporudi, Lamont alikuwa ameketi.

"Bi Earline, niambie kama mwanao. Safari hii kuna kiti, au nakwenda kusindikiza?"

"Kiti kipo."

"Una hakika?"

"Nimekwambia kiti kipo, Lamont. Kula."

Usaili ulikuwa kama usaili. Watu tisa mezani, maji ya chupa, karatasi za alama. Mzazi mmoja alimuuliza Lamont kama ataweza kuwa mkuu wa watoto wote, na Lamont, aliyekuwa akiwashusha watoto wote kwenye mabasi kwa miaka mitano kwenye baridi ya kukata masikio, akajibu kwamba atajitahidi. Mwingine alimsifu kwa kuongea vizuri. Walimvika kilemba cha ukoka mpaka kikamfunika macho.

Ijumaa mchana kazi ikapewa Bryce Vander Wiel, mwalimu wa michezo, mwenye cheti cha uongozi ambacho wino wake ulikuwa haujakauka. Lakini kila Januari Bryce alikaa na Dakta Lindquist kwenye kibanda kimoja juu ya ziwa lililoganda, wanaume wawili na ndoo ya bia, wakitumbulia macho shimo la kuvulia samaki. Huo nao ni uzoefu wa kazi.

Lamont alikuja ofisini kwa Bi Earline bado ameshika barua yake. Hakuwa na hasira. Alikuwa anatafuta mahali pa kukaa. Aliufunga mlango nyuma yake ili wasisikike, na mlango ulipofungwa, mrija wa katoni ukabaki wazi ukutani, na kibandiko chake kikimtazama. Kibandiko kilikuwa na jina lake. Lamont hakuwa mtu wa kupekua vitu vya watu, lakini jina lake ni jina lake. Akatoa bango, akalivuta juu, akasimama uso kwa uso na yeye mwenyewe. Akasoma maandishi. Kisha akainama, akasoma tarehe ya kupokelewa kwenye kibandiko.

"Hili lilifika Jumanne," alisema.

"Lamont."

"Ulijua Jumanne."

Bi Earline aliitikia kwa kichwa: ndiyo.

"Jumatano nimekula kuku wako," Lamont alisema.

Aliliteremsha bango polepole, kwa mikono miwili, lisipige kelele, akatoka.

Bi Earline aliandika barua mbili siku ile, moja ya kulalamika na moja ya kuacha kazi, na zote zikabaki kwenye droo. Angeacha aende wapi? Na akienda, wale kumi na wawili nani atawapeleka kwa kinyozi? Hayo alijiambia, na safari hii yalikuwa na ukweli kidogo, jambo ambalo halikumsaidia. Wiki tatu baadaye alisafiri na bango jipya kwenda Alabama. Aliajiri wawili. Aliongea na mama zao wote wawili.

Juni kengele ilipolia, alikuwa ameshajua. Lamont alisimama kizingitini na koti la buluu, lile lenye kofia ya manyoya alilolichagua mwenyewe miaka minane iliyopita, huku akicheka kwamba anafanana na dubu aliyekopa suti. Lilikuwa limefuliwa. Glavu zilikuwa mfukoni, zote mbili. Bi Earline alimkaribisha ndani, akasema ameoka pai ya viazi vitamu. Lamont alisema asante, mama, ana safari ndefu. Gari lake lilikuwa linanguruma barabarani, mizigo imebanana hadi dirishani. Hakumwita mama kwa ubaya. Huko kwao hata askari anayekuandikia faini unamwita mama au baba. Lakini miaka minane alikuwa Bi Earline, na alilisikia jina lake lilivyokosekana.

Mwaka uliofuata aliomba bango lingine. Ofisi ya habari ikamjibu kwamba bango hubadilishwa kila baada ya miaka mitano. Akawaambia mtu huyo ameondoka. Wakamwambia bado anapendeza.

Kwa hiyo Aprili ikamkuta tena kwenye ukumbi ule ule wa mpira wa kikapu, meza ile ile karibu na vyoo, kalamu kulia, pipi kushoto, na Lamont nyuma yake, mrefu kuliko mlango. Saa tatu asubuhi, meza ya upande wa pili wa njia, ambayo ilikuwa tupu, ikatandikwa kitambaa cha kijani. Ilikuwa wilaya moja ya Georgia. Mtu aliyekuwa akikinyoosha kitambaa aliinua kichwa, naye alikuwa Lamont Mabry, mwenye tai ya kijani na beji kifuani: Mkuu wa Shule.

Walitazamana. Kisha Lamont akautazama uso wake ukiwa nyuma ya Bi Earline, ukitabasamu kwa niaba ya watu aliowaacha. Aliutazama muda mrefu, kama mtu anayesoma tangazo la msiba lenye jina lake. Halafu akainama akaendelea kupanga vipeperushi.

Bi Earline alifikiria kulishusha. Lakini kanuni za maonyesho zilisema kila meza iwe na bango, na asubuhi watu walianza kumiminika, na mikono yake ikajua yenyewe la kufanya. Aligawa kalamu, akauliza juu ya akina mama.

Kabla ya mchana akaja binti mmoja, Ayanna Crutcher, anayemaliza ualimu wa kemia, alama za juu, kidevu mbele. Aina ya mtu ambaye wilaya sitini zingekanyagana kumpata. Ayanna hakuangalia pipi. Aliangalia bango, akalisoma lote.

"Huyu yupo bado kwenu, mama?" aliuliza. "Ningependa kuongea na mtu anayeishi huko. Siyo kwa ubaya, lakini nyie mnaokuja hapa wote mnasema pazuri."

Swali hili Bi Earline alilijua. Jibu lake lilikuwa laini kama siagi: amepata nafasi nzuri mahali pengine, tunajivunia, hebu niambie, mama yako anasemaje? Lilikuja mpaka kwenye meno. Nyuma ya Ayanna, hatua kumi hivi, Lamont alikuwa ameacha kupanga karatasi. Hakuwa anatazama, lakini hakuwa anafanya kitu kingine.

"Muulize mwenyewe," Bi Earline alisema. "Yule pale, mwenye tai ya kijani."

Ayanna aligeuka. Akamwangalia mtu, akaliangalia bango, akamwangalia mtu tena. Akaanza kucheka, akidhani ni mchezo wa meza mbili zilizopanga. Kisha akauona uso wa Bi Earline, akanyamaza.

"Muulize chochote," Bi Earline alisema. "Muulize habari za kuku."

Binti alikwenda. Aliongea na Lamont karibu nusu saa, naye Bi Earline hakusikia neno. Aliona tu Ayanna akigeuka mara moja kumtazama, mtazamo wa kumpima mtu, na aliona alipochukua kalamu kuandika jina lake kwenye karatasi ya kijani. Ilikuwa kalamu ya Kellner Falls.

Baada ya huyo hakumzuia mtu. Aliyeuliza kuhusu bango alielekezwa upande wa pili. Saa tisa, watu walipoanza kufunga meza, karatasi yake ilikuwa na majina mawili, na wote walikuwa wazungu waliopotea njia wakitafuta choo.

Akakamata bango kwa juu, akaachia. Likashuka kwa kasi, likakwama. Uso uliingia kwenye ganda hadi puani na kugoma. Macho na paji la uso la Lamont vikabaki juu ya sakafu, vikimtazama. Bi Earline alilivuta, likapanda kidogo. Alilisukuma, likagoma pale pale. Alipiga magoti, kwa umri wake na kwa sketi yake, na bado halikukubali. Watu walipita na masanduku yao yenye magurudumu.

Viatu vikasimama karibu yake. Lamont alichuchumaa, akapitisha kidole chini ya ganda, akabonyeza kitu, na kwa kiganja cha mkono wa kulia akausukuma uso wake mwenyewe chini mpaka ukafutika wote.

"Springi inakaza," alisema. "Huwa hivyo."

"Asante."

Alikaa vile vile, amechuchumaa, akifuta vumbi mikononi.

"Yule binti kafaa," alisema. "Ungempata, ungemvika lile koti langu."

Bi Earline aliliingiza ganda kwenye mrija wake.

"Makoti yamebaki mangapi kabatini?"

Alihesabu, ingawa hakuhitaji kuhesabu. Wawili wa mwaka jana walikuwa wamepunguzwa mwezi Machi, mapema kuliko kawaida, tarehe zao zikiwa za mwisho kwenye orodha.

"Karibu yote," alisema. "Yapo karibu yote."

Lamont alitikisa kichwa, akamshika mkono akamsaidia kusimama, kisha akavuka njia kwenda kukunja kitambaa chake.